Macho yenye pazia: tathmini ya kamera za kifuani za polisi

Tathmini nyingi za kamera za kifuani za polisi huandikwa na watu wa aina mbili, yaani wanaoziuza na wanaozinunua. Muuzaji hueleza ukali wa lenzi na uimara wa betri. Mnunuzi, ambaye ni idara ya polisi, hueleza kama kifaa kinakaa vizuri juu ya sare na kama askari wameanza kukizoea. Anayerekodiwa haulizwi kitu, ingawa bidhaa hii iliombwa na kununuliwa kwa jina lake. Mimi ni wa kundi hilo la tatu. Kwa miaka kadhaa nimejitolea katika kikundi cha wakazi kinachosindikiza familia zenye malalamiko dhidi ya polisi, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kukaa kwenye mabenchi ya ofisi na kuandika tarehe kwenye daftari. Kamera yenyewe nimeishika mkononi mara moja tu, lakini picha zake nimeziomba mara nyingi, nyingine nikaonyeshwa na nyingine nikanyimwa, na naamini hilo linatosha kunipa sauti ya mtumiaji, hata kama sikutoa hela yangu dukani.

Siku hiyo niliyoishika ilikuwa katika mkutano wa wakazi. Afisa aliyekuja kuitambulisha alikuwa mpole na mwenye subira, akaipitisha kutoka kiti hadi kiti ili kila mtu aione. Kifaa kinajaa kwenye kiganja, ni chepesi kuliko nilivyodhani, na huvaliwa kifuani kwa kishikizo au kwa sumaku. Katikati kina kitufe kikubwa ambacho katika aina zinazouzwa na kampuni ya Axon, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa zaidi nchini Marekani, hubonyezwa mara mbili ili kuanza kurekodi. Kabla ya hapo kamera huwa macho lakini haina kumbukumbu: inaona na kutupa, inaona na kutupa, ikibakiza kipande kifupi tu cha mwisho, kwa kawaida sekunde 30 na mara nyingi bila sauti, ili askari akibonyeza kitufe picha zianzie nyuma kidogo ya tukio. Zamu ikiisha, askari huichomeka kwenye kituo cha kuchajia, na hapo picha zote hupanda zenyewe hadi kwenye ghala la mtandaoni linaloendeshwa na kampuni hiyohiyo iliyouza kamera. Matoleo ya karibuni yanaweza kurusha picha moja kwa moja hadi makao makuu, na kipo kifaa cha ziada kinachofungwa kwenye ala ya bastola ili silaha ikichomolewa kamera iliyo karibu ijiwashe bila kusubiri kidole cha mtu.

Kama kifaa tu, sina ugomvi nacho. Picha ni safi, sauti inasikika, na betri imetengenezwa idumu zamu nzima. Ajali zimewahi kutokea, maana mwezi Oktoba 2018 kamera moja ya VieVu, kampuni ambayo Axon ilikuwa imeinunua miezi michache kabla, ilishika moto ikiwa mikononi mwa polisi wa New York, na idara ikaondoa kazini karibu kamera 3,000 za aina hiyo. Hakuna aliyeumia. Kasoro za namna hiyo hurekebishwa kiwandani, na mtu angekuwa mchoyo kuikata bidhaa alama kwa sababu yake.

Swali la maana liliulizwa na mama mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Aliigeuzageuza ile kamera, akamtazama afisa, akasema, "Mwanangu, na anayeizima ni nani?" Afisa akajibu kwa uaminifu, "Ni mimi, mama." Baadhi ya watu walicheka, naye akairudisha. Wahenga walisema macho hayana pazia. Haya yana pazia, na kamba yake imekabidhiwa yule ambaye macho yaliletwa kumtazama.

Ili kuwatendea haki walioiomba, inafaa kukumbuka namna bidhaa hii ilivyoingia sokoni. Tarehe 9 Agosti 2014, askari wa Ferguson, Missouri, alimpiga risasi na kumuua Michael Brown, kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa na silaha. Hakukuwa na picha ya tukio, mashahidi walipishana, na baraza la raia lililosikiliza ushahidi ili kuamua kama kuna mashtaka halikumshtaki askari. Familia ya kijana yenyewe iliomba kwamba kila askari anayetembea mitaani avae kamera, na ni vigumu kumlaumu mzazi aliyemzika mtoto wake bila kujua hasa kilichotokea. Desemba mwaka huohuo Rais Barack Obama alipendekeza dola milioni 75 kusaidia idara za polisi kununua kamera 50,000. Kampuni ya TASER International, ambayo jina lake lilijulikana kwa bunduki za shoti ya umeme, ilikuwa tayari na bidhaa mkononi. Mwezi Aprili 2017 ilibadili jina kuwa Axon, na siku hiyohiyo ikatangaza kwamba ingempa kila askari wa Marekani kamera bure, pamoja na nafasi ya kuhifadhi picha, kwa mwaka mmoja. Mfanyabiashara yeyote anaijua mbinu hiyo: taa unampa mteja bure, mafuta utamuuzia maisha yake yote. Kamera hununuliwa mara moja baada ya miaka kadhaa, lakini ghala hulipiwa mfululizo, na picha zikishajaa humo kuhama kunakuwa kazi ngumu.

Si wanaharakati wote walioipokea kwa shangwe. Huko Los Angeles, muungano wa wakazi unaojiita Stop LAPD Spying Coalition (LAPD ni idara ya polisi ya jiji hilo) uliipinga tangu mwanzo, ukisema kwamba kamera iliyovaliwa na polisi inatazama nje, kuelekea kwa wananchi, na kwa hiyo ni chombo cha upelelezi kabla hakijawa chombo cha uwajibikaji. Wakati huo msimamo wao ulionekana na wengi kuwa wa kupindukia. Leo mimi nausoma kama tathmini sahihi ya bidhaa iliyoandikwa kabla haijatoka kwenye boksi.

Je, inafanya kazi iliyoahidiwa? Tangazo kuu la kamera hizi lilikuwa jaribio la Rialto, mji mdogo wa California, lililoanza 2012. Malalamiko dhidi ya polisi yalishuka kwa asilimia 88 kulinganisha na mwaka uliotangulia, na matumizi ya nguvu yakashuka kwa karibu asilimia 60. Takwimu hizo zilisafiri dunia nzima. Kilichosafiri kidogo zaidi ni kwamba idara yenyewe ilikuwa na askari wachache, na kwamba mmoja wa watafiti alikuwa mkuu wa polisi wa mji huo, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusimamia kwa makini kamera zinavyowashwa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililohusisha askari zaidi ya 2,200 wa jiji la Washington ambao waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakavaa kamera na wengine wasivae. Matumizi ya nguvu na malalamiko ya wananchi hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mapitio ya tafiti 70 yaliyochapishwa 2019 nayo hayakukuta athari ya kutegemewa.

Mtu anaweza kukata tamaa hapo, lakini ninavyoona mimi, takwimu hizo hazisemi kwamba kamera ni bure. Zinatuelekeza kwenye swali la yule mama. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walirudi kwenye data za majaribio ya sehemu mbalimbali na kutenganisha askari waliowasha kamera kila mara kama walivyoagizwa na wale waliojichagulia wakati wa kuwasha. Kwa wale wa kwanza matumizi ya nguvu yalipungua kwa asilimia 37. Kwa wale wa pili yaliongezeka kwa asilimia 71. Kifaa ni kilekile, lenzi ni ileile, sare ni ileile, na tofauti yote imo katika kitufe kimoja. Jimbo la São Paulo nchini Brazil linatoa ushahidi wa upande wa pili: kamera zilizosambazwa huko kuanzia 2021 zilirekodi zamu nzima mfululizo bila kumsubiri askari, na utafiti wa taasisi ya Fundação Getulio Vargas uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba vifo mikononi mwa polisi vilipungua kwa asilimia 57 katika vikosi vilivyozivaa kulinganisha na vile visivyozivaa. Serikali ya jimbo hilo ilifanya nini na bidhaa iliyokuwa ikifanya kazi? Mwaka 2024 ilitafuta mkataba mpya wa kamera zinazowashwa na mtu, na mwezi Desemba ikabidi jaji wa Mahakama ya Juu ya Brazil aamuru kwamba kurekodi mfululizo kuendelee.

Kwa hiyo, ikiwa idara ya polisi ya mahali ulipo inaleta bidhaa hii, usihangaike kuuliza ina ukali kiasi gani wa picha. Uliza inawashwaje.

Mfano unaonifurahisha kwa namna ya kusikitisha ni wa Baltimore. Mapema 2017 askari mmoja aliingia kwenye uchochoro, akaweka kifuko cha dawa za kulevya ndani ya kopo katikati ya takataka, akatoka hadi barabarani, akawasha kamera, kisha akarudi uchochoroni "kutafuta" na, kwa mshangao mkubwa, akakipata. Alikuwa amesahau zile sekunde 30. Kamera ilikuwa imebakiza kipande cha nyuma, bila sauti lakini kikionyesha kila kitu, na mawakili wa utetezi wa umma walipokitazama kesi ikaporomoka. Mtu aliyekamatwa alikuwa amekaa rumande miezi kadhaa. Askari alitiwa hatiani 2018. Hapa kifaa kilifanya kazi nzuri kabisa, ila kwa sababu mvaaji hakukifahamu vya kutosha. Sifa hiyo haiwezi kudumu, kwani kila mafunzo ya askari yanaipunguza.

Kasoro ya pili haionekani mpaka ukae ukazitazama picha zenyewe. Kamera iko kifuani, kwa hiyo mtu pekee ambaye haonekani ni yule aliyeivaa. Mikono yake huingia na kutoka kwenye picha, sauti yake husikika, lakini uso wake, mkao wake, na umbali aliosogea kabla ya kushika silaha havionekani. Anayeonekana ni mwananchi, kwa karibu, akiwa amefumba macho kwa mwanga wa tochi, akitetemeka, akionekana mkubwa kuliko alivyo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulilinganisha watu walioonyeshwa tukio kupitia kamera ya kifuani na walioonyeshwa kupitia kamera ya ndani ya gari la polisi. Wale wa kamera ya kifuani walikuwa wepesi zaidi kuamini kwamba askari hakukusudia alichokifanya. Hakuna aliyedanganya wala kukata picha. Ni kwamba ukitazama kwa macho ya mtu unaanza pia kumhurumia mtu huyo. Memphis, Januari 2023, askari watano walimpiga Tyre Nichols kipigo kilichosababisha kifo chake, huku kamera zao zikinasa makelele, amri zinazopingana na picha za kutikisika. Aliyetaka kuelewa alichotendewa alilazimika kutazama kamera nyingine, ya jiji, iliyokuwa juu ya nguzo na haikuwa kifuani mwa mtu yeyote.

Nikifika kwenye ghala, subira yangu inaisha. Muuzaji anazungumza kuhusu kamera, lakini bidhaa halisi ni ghala na ufunguo wake, na ufunguo anao polisi. Kumpa anayelalamikiwa ulinzi wa ushahidi ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na hakuna kiwango cha ubora wa lenzi kinachoweza kurekebisha hilo. Huko Chicago, Laquan McDonald, mvulana wa miaka 17, alipigwa risasi 16 na askari mmoja tarehe 20 Oktoba 2014. Taarifa za polisi zilisema aliwasogelea askari kwa kisu. Picha za kamera ya gari zilimwonyesha akitembea kuwaacha, lakini picha hizo zilikaa kabatini kwa zaidi ya mwaka, hadi jaji alipoamuru zitolewe baada ya mwandishi wa kujitegemea kufungua kesi, na askari akashtakiwa kwa mauaji siku ileile zilipotoka. Jimbo la North Carolina lilipitisha mwaka 2016 sheria inayotamka kwamba picha za kamera za polisi si kumbukumbu za umma na kwamba haziwezi kutolewa kwa umma bila amri ya mahakama. Andrew Brown Jr. alipouawa na maafisa wa kaunti huko Elizabeth City mwezi Aprili 2021, familia yake, kwa mujibu wa mawakili wao, ilionyeshwa kwanza sekunde 20 tu. Sekunde 20, kutoka kamera moja, za kifo cha baba yao.

Wakati huohuo mlango wa upande wa pili uko wazi. Katika idara ya Los Angeles askari aliyetumia nguvu aliruhusiwa kuzitazama picha kabla ya kutoa maelezo yake, hivyo maneno yake yangelingana na kile kamera ilichokiona na yangejaza kile isichokiona. Mlalamikaji huandika maelezo yake kwa kumbukumbu peke yake, kisha kila pale atakapokosea rangi ya gari au upande wa barabara atahojiwa kama mwongo. Na picha zikifika mahakamani, zinamfikia nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason waliwauliza waendesha mashtaka wa Marekani mwaka 2016. Katika maeneo yenye kamera, asilimia 92.6 ya ofisi zao zilikuwa zimetumia picha hizo kumshtaki mwananchi. Ofisi zilizowahi kuzitumia kumshtaki askari zilikuwa asilimia 8.3. Bidhaa iliyotangazwa kuwa jicho juu ya polisi, ukiipima kwa matumizi yake ya kila siku, ni jicho la polisi.

Mtathmini makini hulinganisha bidhaa na mshindani wake. Mshindani wa kamera ya kifuani ni simu ya mpita njia, na kabla ya simu ilikuwa kamera ya mkononi ya nyumbani, kama ile aliyoitumia George Holliday akiwa kwenye roshani yake huko Los Angeles tarehe 3 Machi 1991 kurekodi askari wakimpiga Rodney King. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakazi wa Berkeley walikuwa wameanzisha Copwatch, kikundi cha watu wa kawaida wanaotembea mitaani na kuwatazama polisi wakifanya kazi bila kuwaingilia, wakiandika muda, mahali na namba za askari. Siku George Floyd alipokufa, tarehe 25 Mei 2020, askari wote wanne waliohusika katika kumshika walikuwa na kamera kifuani. Ya Derek Chauvin ilidondoka chini wakati wa purukushani. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyefariki baada ya tatizo la kiafya. Picha za kamera za kifuani zilichukua zaidi ya miezi miwili kufika machoni pa umma. Zile za Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara na simu yake, zilifika usiku uleule. Haki inanitaka niongeze kwamba kamera za askari nazo zilitumika baadaye katika kesi iliyomtia Chauvin hatiani mwezi Aprili 2021. Lakini bila ile simu sijui kama kungekuwa na kesi ya kuzipeleka.

Simu ina mapungufu yake, na tunaofundisha vijana wa kujitolea tunayajua. Hufika tukio likiwa limeshaanza, mikono hutetemeka, chaji huisha, na mwenye kurekodi anaweza kunyang'anywa, kukamatwa au kuandamwa kwa miezi baada ya video kusambaa. Tunawaambia wasimame mbali, wasipige kelele, wataje saa na mahali kwa sauti, wawaelekezee lenzi askari na kuepuka uso wa mtu aliye chini, na wahifadhi nakala kabla ya kuondoka. Hata hivyo simu ina kitu ambacho Axon haikuuzi kwa bei yoyote: ufunguo unabaki mfukoni mwa aliyerekodi.

Kuhusu nyongeza mpya nitakuwa mfupi kuliko zinavyostahili. Aprili 2024 kampuni hiyo ilitoa Draft One, programu ya akili mnemba inayosikiliza sauti ya kamera na kumwandikia askari rasimu ya ripoti. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa King County, ambako ndiko liliko jiji la Seattle, ilizikataa ripoti za aina hiyo mwaka huohuo kwa hofu ya makosa ambayo askari angeyatia sahihi bila kuyaona. Mwaka 2022 wajumbe tisa kati ya 12 wa jopo la maadili la kampuni walijiuzulu baada ya mkurugenzi wake kutangaza mpango wa ndege zisizo na rubani zenye shoti ya umeme kwa ajili ya shule. Jopo la maadili linapokimbia, mteja naye anapaswa angalau kugeuza shingo.

Kuna lawama moja ambayo si ya kifaa, ila siwezi kuiacha. Kamera hujibu swali la nini kilitokea baada ya askari mwenye silaha kufika, na kwa kujibu hilo vizuri inatusahaulisha kuuliza kwa nini ni yeye aliyetumwa. Floyd alikuwa akishukiwa kutumia noti bandia ya dola 20. Katika mji wa Eugene, Oregon, tangu 1989 simu nyingi za watu wenye msukosuko wa akili, walevi, au wasio na makazi zilijibiwa na CAHOOTS, yaani mhudumu wa afya na mshauri waliofika kwa gari dogo bila bunduki wala pingu. Huduma hiyo ilisitishwa mjini humo mwezi Aprili 2025 kwa sababu ya fedha. Kwa kamera fedha zimekuwa zikipatikana kwa miaka zaidi ya kumi, na anayekaa kwenye vikao vya bajeti ataona ni mara chache kiasi gani diwani huogopa kuzipitisha. Kamera zinampa kitu cha kushika mkononi na kusema amefanya mageuzi.

Ukinilazimisha kutoa alama, nitampa mtengenezaji nne kati ya tano kwa ufundi, na mbili kwa bidhaa kama inavyouzwa na kuwekwa leo. Ningepandisha hadi tatu na nusu iwapo ingerekodi mfululizo bila kitufe, ikiwa picha zingekaa kwa chombo kisicho chini ya polisi, ikiwa askari angeandika maelezo yake kabla ya kutazama, na ikiwa mtu aliyerekodiwa au familia yake wangepata nakala nzima ndani ya siku chache bila kuajiri wakili. Los Angeles tangu 2018 wana utaratibu wa kutoa picha za matukio mazito ndani ya siku 45, jambo linalothibitisha kwamba ratiba inawezekana, ingawa polisi ndio wanaozihariri na kuzitolea maelezo.

Familia ya mwisho niliyoisindikiza ilikuwa ya kijana aliyevunjika mkono wakati wa kukamatwa, kisha akashtakiwa kwa kumzuia askari kufanya kazi yake. Tuliandika ombi la picha, likapotea. Tukaandika la pili, tukaambiwa uchunguzi unaendelea. La tatu likajibiwa baada ya miezi mingi kwa mwaliko wa kuja kutazama ofisini, bila nakala na bila simu mezani. Tulikaa wanne mbele ya kompyuta ya afisa. Sekunde 30 za kwanza zilikuwa za kimya, kijana amesimama karibu na ukuta, mikono iko wazi, midomo inatembea. Sauti ilipoingia tayari alikuwa chini. Mama yake aliomba turudie mwanzo, akaomba tena, mara ya tatu akamwuliza mwanawe alikuwa akisema nini pale. "Nilikuwa nawaambia kitambulisho kiko mfuko wa nyuma, mama, nisije nikaingiza mkono wakafikiri vingine." Afisa alisikiliza, akavuta karatasi yake, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwamba sehemu hiyo haina sauti.